Hesi ya Kushoto

Rejeta ya Bi Teofila ina mbavu kumi na moja.
Ule wa mwisho, wa dirishani, unalia tone kwa tone
ndani ya sufuria ya maziwa.
Januari, Łódź, ghorofa ya tatu.
Jengo zima tumelifungia maji ya moto,
na kila mlango tuliopita ulifunguka kidogo:
jicho, shali, swali. Mpaka saa ngapi?

Fundi Gawron hajibu. Anatandika gunia,
anapanga vyombo kama daktari asiyependa wagonjwa:
spana ya bomba, brashi ya waya, tupa,
kopo la mafuta mazito yanukayo samaki,
na shungi la katani, la manjano,
kama nywele za mtu aliyelala vibaya.
Mimi mwanagenzi, mwezi wa nne.
Kazi yangu kushika taa na kunyamaza.

Kizibo hakitoki.
Anarefusha mkono wa spana kwa kipande cha bomba,
anaweka goti ukutani, anavuta.
Rangi inapasuka tabaka kwa tabaka,
nyeupe, maziwa, kijani ile ya serikali iliyokwisha,
lakini chuma hakisemi.
Analaani kwa sauti ya chini, maana mwenye nyumba yupo.
Kisha anacheka peke yake. Anageuza spana,
anasukuma upande ule ambao
mikono yote duniani hukazia,
na kizibo kinalegea kwa mlio wa panya.
"Hesi ya kushoto," ananiambia.
"Upande huu wa rejeta, kukaza ndiko kulegeza.
Miaka thelathini, na bado hunitega."

Nasugua meno ya hesi mpaka yang'ae.
Mlikuwamo katani ya zamani, nyeusi, ngumu kama gidamu.
Mtu aliizungusha kwa vidole vyake
mama yangu akiwa hajazaliwa,
na ikayashika maji.

Naizungusha mpya kama nilivyofunzwa siku ya kwanza:
kufuata saa, nyuzi chache,
usiwe mchoyo, usiwe mfujaji.
Tunapaka mafuta, tunaingiza, tunakaza,
na katani yote inatoka nje, inajikusanya shingoni
kama ndevu.
Tunatoa. Tunarudia. Ndevu tena.
Gawron anasema katani ya siku hizi takataka.

Bi Teofila alikuwa kwenye kigoda, amevaa koti juu ya sweta mbili.
Miaka ishirini na sita alisimama mbele ya mashine za kusokota,
zamu ya usiku, katika kiwanda
ambacho sasa kinauza viatu na aiskrimu.
Mashine zilimla masikio, ndiyo maana husema kwa kelele.
Anakichukua kizibo, anakipeleka kwenye mwanga.
"MSICHANA! Uzi una njia mbili za kusokotwa.
Wa kulia. Wa kushoto. Ukiukosea njia
unafumuka wenyewe, hata uukaze vipi.
Chuma mmekigeuza. Uzi mmeusahau."

Gawron anatazama dari.

Vidole vyake vimepinda kama misumari iliyong'olewa,
lakini katani inapita baina yake bila kusita,
kinyume cha saa, nyembamba mwanzoni, ikinenepa,
kila uzi ndani ya mfereji wake.
Anakirudisha kizibo kwangu, si kwa Gawron.

Kinaingia. Mizunguko mitatu kwa mkono,
miwili kwa spana, na wa mwisho ule wa polepole
ambao huusikii ila begani.
Gawron anashuka kufungua maji. Mabomba yanagonga,
ghorofa ya kwanza, ya pili, kisha mbavu zinajaa
moja baada ya moja kuanzia chini.
Natia kidole chini ya kizibo. Kikavu.

Ngazini analaza kitabu cha kazi juu ya paja:
kizibo kimoja, inchi moja; katani; saa mbili;
mafundi watatu.
Anautazama mstari huo. Anaukata. Ofisi itauliza.

Juu, mlango ungali wazi.
Bi Teofila ameweka viganja vyote viwili kwenye chuma,
na sufuria ya maziwa ameiacha palepale.
"Kesho!" anapaza sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza.
"Nitaiondoa kesho!"