Ukungu wa Newala

Somoe hachumi jani zima.
Hupita chini ya mikorosho ya mjomba wake
akiokota yaliyopigwa ubwiriunga,
yaliyojikunja, meupe kwa vumbi
kama mtoto aliyeachwa na kapu la unga.
Mjomba huguna: "Hayo ni ya kuchoma."
"Ndiyo," humjibu, "nitayachoma."

Chokaa imelala bapa kwenye trei.
Hukandamiza jani kwa kidole gumba,
mshipa kwa mshipa,
akalibandua kama plasta ya kidonda,
na juu ya alama yake akapanga vigae:
vya dirisha la ghala la ushirika, vya chupa za dawa,
na kimoja cha kijani ambacho hasemi alikitoa wapi.

Tanuri linakula luku. Linakula hasa.
Humo kioo hulegea, hujilaza,
huingia kila penye mfereji
kama mtu aliyefika kwao usiku, hahitaji taa.

Ila kupoa ndiko kazi. Siku mbili, usifungue.
Juzi umeme ulikatika saa nane usiku;
alitutoa vitandani, tukalifunika tanuri
kwa mablanketi na koti la marehemu baba,
tukakaa kama wenye mgonjwa.

Kulipokucha, ukungu ulikuwa umefuta bonde lote la Ruvuma.
Kioo kilitoka na ufa mmoja:
umefuata mshipa wa kati, haukuacha njia.

Mjomba alikielekeza kwenye mwanga,
akapitisha ukucha juu ya madoa
anayoyapulizia salfa mwaka wa tatu huu.
Akanyamaza sana.
"Na hiki," aliuliza,
"nacho kinapitia stakabadhi ghalani?"