Vina Saba

Somoe aliponiambia kazi yake ni vinasaba
nilisikia vina saba, nikadhani amepanda Rondo
kutunga shairi. Nikambebea nyavu.

Chozi wa kwanza alinaswa kabla umande haujakauka,
uzito wa korosho tano zilizobanguliwa.
Akamchoma penye mshipa wa bawa;
tone likapanda mrijani kama wino.
"Chozi katoa chozi," nikasema.
Hakucheka. Alikuwa akiandika namba.

Ng'ambo ya bonde la Lukuledi, juu kwa Wamakonde,
yuko chozi mwingine: kifua kilekile,
mdomo uleule uliopinda.
Usidhani wametenganishwa na mikorosho
wala barabara ya Masasi. Waliachana
kabla ya shoka la kwanza,
mvua zilipopungua na msitu ukanywea
kama kitambaa kipya kilichofuliwa,
ukabaki vipande viwili, kila kipande na kilima chake.

Hapakupigwa mbiu.
Herufi moja ilikosewa katika kunakili,
kinda akairithi, akaishi nayo vizuri tu.
Nyingine ikafa na mwenyewe.
Huku kina kikahama,
kule mizani ikapungua moja,
na hakuna aliyevuka bonde kuja kusahihisha.

Saa tatu akawasha kipaza sauti chini ya mvule.
Akaweka wimbo wa ng'ambo.
Dume wa Rondo akaendelea kunyonya ua
kama mtu aliyesikia jina la mwingine likiitwa.
Akaweka wimbo wa hapahapa:
tulivamiwa mpaka usoni!

Mimi bibi yangu alitoka Kitangari,
akaolewa huku Umwerani.
Miaka arobaini walimcheka matamshi,
na kila siku waliazima chumvi yake.
Nikamuuliza Somoe: kati ya kuchekwa na kutosikika
kuna mwendo gani?
Akasema, "Ndiyo ninayopima."

Akarudia wimbo wa ng'ambo, mara ya mwisho, betri ikiisha.
Jike mmoja, mchanga, rangi ya majani makavu,
akatua karibu. Akainamisha kichwa.
Hakujibu. Hakuondoka.

Somoe aliandika: jike, sekunde tisa.
Kwenye safu ya jina la spishi
kalamu ilisita, ikaweka mkato,
ikakataa kuweka nukta.

Tulikuwa tumeshakunja nyavu zote,
tunateremka kuelekea Mnara,
alipoanza kucheka peke yake.
"Chozi katoa chozi," akasema. "Wewe!"