Rangi Iliyoachia

Limeletwa ndani ya shuka la hospitali,
saa nne asubuhi, gerejini Nyakato,
katikati ya bampa mbili zinazosubiri praima.
Kwanza nilidhani ni mtoto.
Nkwimba akalilaza juu ya boneti:
"La kaka. Lipige nyeupe, lote.
Kuna mteja Geita."

Mimi ni mpiga rangi wa magari.
Nyuzi sizijui; najua kutu,
najua mlango uliogongwa na kuapishwa usiseme.
Lakini mbao ni mbao, msasa ni msasa,
na kodi ya chumba haiulizi fani.

Lilikuwa jekundu, jekundu la soda,
nyufa zimelitambaa kuanzia shingoni
kama mbuga za Misungwi mwezi wa tisa,
udongo unapofungua midomo yake yote.
Penye tundu la waya rangi imeinuka,
magamba ya sato aliyeparwa nusu
kisha mpara samaki akaitwa nje.

Nikagonga kwa ukucha.
Ndivyo mama alivyogonga vyungu pale Kirumba
kabla hajafungua pindo la kanga.
Palipo pazima, sauti fupi, kavu.
Palipoachia, sauti ina chumba ndani.
Nikazungushia chaki kila chumba:
kumi na vitatu.

"Nyeupe naweza," nikasema,
"ila nikipaka juu ya kilichoachia,
mwakani vitadondoka vyote, cha juu na cha chini."
Akatazama saa. Zamu yake kiwanda cha minofu
huanza saa nane.
"Haya. Fanya unavyojua."

Supa glu, ile nyepesi kama machozi,
tone kwenye ncha ya sindano.
Huisukumi. Ufa wenyewe huinywa,
unauona ukigeuka mweusi, ukitulia.
Juu yake kipande cha mfuko wa maziwa, isinate,
juu ya mfuko kitambaa, juu ya kitambaa jiwe.
Mji huu una uhaba wa mengi.
Mawe, hapana.

Jioni Nkwimba alipita, ananuka barafu na samaki,
akakuta mawe kumi na matatu
juu ya gitaa la marehemu.
Hakusema kitu.
Akasogeza moja, lililokaa upande.

Gamba moja lilikataa kurudi.
Lilibaki kidoleni mwangu, jembamba kama ganda la kitunguu,
na chini yake buluu, na chini ya buluu mninga,
na juu ya mninga, kwa ncha ya msumari:
*Luhende na Doto. Nusu kwa nusu.*

"Doto yupi?"
Akacheka kwa pua.
Simama Mabatini uite Doto,
nusu ya mtaa itageuka
na nusu nyingine itakuonyesha nyumba.
Alisoma tena, midomo ikitembea,
akapapasa herufi kama anayetafuta kipele.
Kisha akampigia mtu wa Geita,
akatoka nje kuongea, karibu na pipa la maji,
na aliporudi hakunipa habari.
"Hiyo nyeupe," akasema, "acha."

Basi. Kijishimo nimekijaza kwa vanishi,
tone, siku, tone, siku, hadi kikawa sawa na jirani zake.
Maneno yanasomeka, kama kitu kilichozama majini karibu.
Msasa wa maji, namba elfu moja na mia tano.
Klia mikupuo miwili.

Na ule wa pili haujakauka,
ziwa likatoa moshi wake wa vidudu,
nguzo nzima ikapanda kutoka upande wa Igombe,
ikatuangukia taa kwa taa.
Nilifunika kwa mwili. Hata hivyo mmoja akaingia,
pale kiwiko cha mpigaji kinapolala.
Ningeweza kumkwangua, nianze upya.
Klia ilikuwa imebaki kifuniko kimoja.

Sasa limetundikwa kwenye msumari, kati ya bampa,
wiki ya sita.
Wamekuja akina Doto watatu.
Mmoja muongo, mmoja mwanamke,
mmoja alilitazama kwa mlangoni, akaomba maji ya kunywa,
akaondoka.

Nyufa zinaonekana bado, sikuahidi vinginevyo.
Ila pitisha ukucha.
Haukwami.