Maelezo ya Muuzaji

Wamenipa kisanduku cha herufi mia tatu nijitetee.
Nikaandika: Cherehani ilitoka kwangu nzima.
Ni kweli. Ninazo picha sita nilizozipiga mezani, Al Khoud,
Jumanne, kabla jua halijawa kali:
gurudumu, sindano, kitako cha mbao,
maua ya dhahabu yaliyofutika
pale mkono wa mama ulipokuwa ukipita.

(Niliiuza kwa kuwa mimi sishoni,
na binti zangu wanaagiza nguo kwa simu.)

Mahfudha wa Salala ana picha zake, tisa.
Kitako kimepasuka pembe hadi pembe,
mkono wa gurudumu umepinda kama shingo ya kuku.
Anaandika Kiarabu cha Dhofari, bila salamu:
anataka riali zake thelathini na tano.
Nikamwambia, umeiangusha wewe.
Akasema, mimi mgonjwa wa mgongo, hata ndoo sinyanyui.

Dereva anasema yeye hubeba maboksi, boksi halisemi.
Kampuni inasema kufunga ni juu ya mtumaji.
Na pesa imeshikwa katikati, si yangu si yake,
mke asiyeachwa wala asiyekaliwa.
Vita vya panzi, furaha ya kunguru:
kunguru wa hapa ni ada ya riali mbili,
nayo hairudi, ashinde nani.

Siku ya tatu ikaja picha ya kumi.
Hii si ushahidi, kaandika.
Ilikuwa ndani ya ufa. Ni yenu?

Karatasi, imekunjwa mara nne. Penseli. Mwandiko wa mama.
Bi Nunu, kifua 40, mkono 21, deni baisa 500.
Mama Ghalib, kiuno 38, asiambiwe.
Na chini kabisa, pamebanwa:
Zuwena, bega mpaka kisigino 31.
Acha upindo mnene, anakua.

Nikakaa sakafuni na simu yangu.
Basi niseme lisilotosha kisandukuni.
Nailoni ya malengelenge ilikuwa riali moja na baisa mia mbili
nikaiona ghali.
Nilifunga kwa magazeti na shuka kuukuu,
nikaandika juu kwa kalamu nyekundu INAVUNJIKA,
kwa Kiswahili,
kana kwamba kutoka hapa hadi Haima, hadi Thumrait,
kilomita elfu za lori na matuta,
kila mpakuzi alilelewa na mama yangu.

Nikafuta yote. Nikaandika: Mrudishieni.
Herufi kumi na moja.
Mia mbili themanini na tisa nimewaachia wenyewe.

Wiki iliyofuata mtu wa mizigo alibisha
na boksi kubwa kama la televisheni.
Nilikata nailoni, tabaka juu ya tabaka,
malengelenge yakipasuka chini ya goti langu,
nikatoa sponji, kadibodi mbili zilizofungwa uzi,
na katikati ile karatasi,
haina hata kunjo jipya.

Nilikuwa nimeshalikunja boksi kulitupa
nilipoliona neno juu ya kifuniko, kwa wino mwekundu,
limenakiliwa kutoka boksi langu na mtu asiyelijua,
herufi kwa herufi, moja imemponyoka:
INAVUNJKA.