Bomba Jembamba

Fundi Senkondo kafungua boneti, kaguna.
"Dada, hii gari ina utumbo kumshinda ng'ombe."
Gereji ya Pasua, saa mbili asubuhi,
mlima umejifunika shuka, hautaki kuwa shahidi.

Datsun ya viti viwili,
nyekundu iliyochuja ikawa rangi ya tofali,
miaka kumi na tisa chini ya turubai, kando ya zizi,
kuku wakitagia kiti cha abiria.
Baba alisema ataitengeneza Krismasi.
Hakusema ya mwaka gani.

Mipira. Mipira juu ya mipira.
Mingine minene, imepasuka kama visigino vya kiangazi,
mingine myembamba inavunjika ukiikazia macho.
Hashimu, kijana wa spana, ana dawa moja:
"Tusioujua tunaukata, tunaziba na boliti. Itawaka tu."

Nikasema hapana.
Mimi mtoto wa Kibosho, babu yangu alilinda mfongo.
Kwetu maji hayaulizwi yanakotoka. Yanafuatwa.
Unapanda nayo, mgomba kwa mgomba,
mpaka kwenye banio,
na njiani utajua nani anakunywa
na nani anaiba usiku.

Basi tukafuata.
Senkondo akapuliza huku, mimi nikaweka kidole kule,
pumzi yake ikanifikia ina tangawizi.
Huu unatoka kwenye rejeta, unaenda kwenye hita
(ndiyo, hita; hujaendesha kwenda Marangu
alfajiri ya mwezi wa saba).
Huu unanyonya upepo kwa ajili ya busta la breki.
Huu ni pua ya tenki, unarudisha mvuke wa petroli.
Huu, tulipoupuliza, ulitema mbegu za mtama
na mkia wa panya.
Tukaifunga vitambaa: bluu kwa maji,
nyekundu kwa petroli,
na kwa upepo, soksi nyeupe ya Hashimu, kwa shingo upande.

Likabaki moja.
Bomba la shaba, jembamba kama bua la ulezi,
linachomoka ubavuni mwa injini,
linatoboa ukuta, linapanda nyuma ya dashibodi,
na pale linakoma.
Limekunjwa mara mbili, limepondwa.
Mapigo matatu ya kufundi, na la nne la hasira.
Nikaijua nyundo ya Baba.
Mbele yake kuna tundu la mviringo
lililozibwa kwa kifuniko cha kopo la Kimbo.

Nikampigia Mama. Hapa palikuwa na nini?
Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.
"Hilo lilinidondoshea oili ya moto miguuni
siku ya ubatizo wako. Nimekupakata,
nimevaa viatu vyeupe vya kuazima!
Nikamwambia baba yako, chagua,
mimi au hicho kidude."
Kidude kiko wapi?
"Si ile saa yako."

Saa yangu.
Saa ya mshale mmoja, juu ya kabati la vyombo,
niliyojifunzia kuhesabu: ishirini, arobaini, sitini.
Kila jioni niliuliza ni saa ngapi,
na Baba alijibu bila hata kutabasamu:
"Sifuri, mwanangu. Bado mapema."

Senkondo akalifuta lile bomba kwa kidole gumba.
"Kipima presha ya oili hicho. Presha ikishuka
na huna cha kukuonyesha, injini inakufa
huku wewe unapiga mluzi."

Presha.
Neno hilo tulipewa Mawenzi, mwezi wa nne,
kwenye karatasi iliyokunjwa mara mbili.
Alikuwa anakata majani ya ng'ombe.
Mluzi wake ulisikika mpaka kwa jirani.

Vitambaa vilikuwa vimekwisha.
Nikachana upindo wa kanga yangu, nikalifunga.
"Kesho nakuja na saa," nikasema.
"Saa?" akauliza Hashimu,
Senkondo akamkanyaga mguu.
"Nawe fundi, nitafutie wosha mpya, bomba lisidondoshe.
Mama anataka kukaa mbele."