Kompyuta Haisomi Shukrani

Naibu mkuu wa chuo anataka nambari moja,
moja tu, kabla ya Ijumaa saa sita:
tafiti zetu zimechangia kiasi gani
kuiponya dunia?
Amesema "kuiponya" kama mtu anayeagiza kahawa.

Malengo ni kumi na saba, rangi kumi na saba,
yamebandikwa ukutani hapa Kuusilahti
juu ya kipasha joto,
na joto limeikunja pembe ya lile la kumi na tatu.

Niliipa kompyuta maneno ya kuwinda:
njaa, umaskini, bahari, kinamasi, haki.
Ikarudi mbio, mkia ukicheza,
na makala elfu mbili mia nne na kumi na moja mdomoni.
Nikaanza kuyatoa moja moja menoni.
Kwenye njaa nikamkuta mchambuzi wa tenzi za kanisa,
njaa ya roho, karne ya kumi na saba.
Kwenye uhai wa majini, jahazi la Kifini
lililozama na shehena ya lami.
Umaskini ulikuwa umaskini wa msamiati
kwa watoto wa miaka mitatu.
Yote yamehesabiwa. Yote yana rangi.

Aliyesema haba na haba hujaza kibaba
hakusema ni haba ya nini,
wala nani alikishika kibaba.

Chini, kwenye ghala la vifaa, yuko Oiva Räsänen,
fundi. Hana shahada, hana makala hata moja.
Miaka thelathini na moja, kila Jumatatu,
huvaa buti za mpira akaenda kinamasini Haukisuo,
akachomeka ufito wenye alama
na kuandika, kwa penseli maana wino huganda,
maji yako chini kiasi gani.
Mwaka wa kwanza: sentimita arobaini na mbili,
mboji imekauka, inapumua hewa chafu kimyakimya.
Kisha mitaro ikazibwa.
Jumatatu iliyopita: tisa.

"Na wewe umeandika nini?" nilimuuliza zamani, kijinga.
"Tarehe," akasema.

Usiku wa Alhamisi nikafanya nisichotumwa:
nikazisoma shukrani.
Mwisho wa makala, kabla ya marejeo,
kuna aya fupi ya waliobeba mzigo,
aliyeosha chupa, aliyeendesha gari kwenye theluji,
mke wa mtu.
Kompyuta haisomi hapo.
Mimi nilisoma kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza,
na taa zetu hizi zinazojizima zenyewe
zikanizimikia mara nne,
na mara nne nikapunga mikono gizani
kama anayezama
ili zijue bado nipo.

Mara sitini na tatu.
Räsänen, Rasanen, Räisänen.
O., au Olavi, mtu tusiyemjua.
Sitini na tatu, na nyingi ni katika makala yale yale
tunayojivunia mbele ya wageni.

Ijumaa nikapeleka nambari iliyotakiwa.
Chini yake nikaongeza mstari mmoja kuhusu fundi.
Ripoti ikarudi saa tisa, safi, ina picha ya msitu,
mstari haupo.
"Hauna lengo lake," ameandika pembeni, kwa upole.
Na kweli, haukuwa na rangi.

Nikateremka ghalani.
Oiva alikuwa akizipaka buti mafuta.
Sitini na tatu, nikamwambia.
Akageuza buti, akaitazama soli.
"Na jina wamelipatia mara ngapi?"
Hilo nalo nilikuwa nimelihesabu.
"Kumi na moja."

Akavuta daftari, akalamba ncha ya penseli.
Sikuona aliandika nini,
ila haikuwa Jumatatu.