Chumba cha Mafagio

Walinipa chumba kilichokuwa cha mafagio,
dirisha moja, nje theluji ya Kutaisi.
Badri aliingia, kofia imefunika macho.
"Mwalimu Tsiala kasema nina kichwa kizito."

Sikubisha. Nilimpa sindano, uzi,
bakuli la jozi zilizomenywa,
kama za kutunga msimu wa zabibu.
Kokwa moja: la.
Ya pili: ma.
Akasita.
"Herufi zinahama," alinong'ona,
"nikizitazama tu, zinahama."
"Basi tusizitazame. Tuzishike."

Jana mama yake alikuja kuuliza alama.
Sina alama, Natela.
Nina uzi huu, jina la mkweo,
Lamara, lakini kokwa ya mwisho haipo.

Kaila.
Anasema ndiyo iliyokuwa ikimsumbua.